Ini Kujaa Mafuta Hata Bila Pombe



Tuchukue mfano wa mzee mmoja wa kigango chochote cha huku kwetu Kyela. Mzee huyu ni katekista, na pombe hajaionja tangu ujana wake. Siku moja anakwenda hospitali kwa sababu ya maumivu ya tumbo. Anapigwa picha ya ultrasaundi, ile ile wanayopigwa akina mama wajawazito, na daktari anamwambia: "Mzee, ini lako limejaa mafuta." Akirudi nyumbani na kueleza, mkewe ananyamaza na watoto wanatazamana. Baada ya wiki mbili jumuiya nzima inanong'ona kwamba kumbe katekista anakunywa kwa siri.

Mzee huyu ameonewa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa watu wote wanafikiria pombe, hakuna anayeuliza sababu ya kweli, na chakula nyumbani kinaendelea kupikwa kama zamani. Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaeleza jinsi ini linavyoweza kujaa mafuta kwa mtu asiyekunywa, jinsi utumbo unavyohusika, na nini familia zetu zinaweza kufanya.

Ini lina kazi gani?

Ini liko upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Linachuja sumu, linatengeneza nyongo, linahifadhi sukari ya akiba na kuitoa mwili unapoihitaji, kama vile wakati wa usiku tukiwa tumelala.

Jambo la kukumbuka ni njia ambayo chakula kinafika huko. Damu inayotoka utumboni haiendi moja kwa moja kwenye moyo. Hukusanywa kwanza katika mshipa mmoja mkubwa unaoitwa mshipa wa lango, nao huipeleka kwenye ini. Karibu robo tatu ya damu inayoingia kwenye ini hupita katika mshipa huo. Kwa hiyo ini ni kama karani wa ghala: kila mzigo unaotoka shambani lazima upite mezani kwake kabla ya kwenda sokoni. Mizigo ikizidi, ghala hujaa.

Daktari husema ini lina mafuta pale ambapo zaidi ya seli 5 katika kila 100 za ini zimebeba mafuta. Inakadiriwa kwamba karibu watu wazima 3 katika kila 10 duniani wanayo hali hiyo bila ya pombe kuwa sababu. Wengi wao hawasikii maumivu yoyote. Kwa baadhi yao mafuta hukaa miaka mingi bila kuleta shida kubwa. Kwa wengine ini huanza kuvimba, kisha kupata makovu, na mwishoni kuwa gumu na kusinyaa. Ini lililosinyaa linaweza pia kupata saratani. Aidha, mwenye mafuta kwenye ini yuko katika hatari zaidi ya kupata kisukari na magonjwa ya moyo.

Njaa na shibe hukutana

Ini lenye mafuta si ugonjwa mpya katika Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1940 na 1950, madaktari wa Hospitali ya Mulago mjini Kampala, akiwamo Dakta Hugh Trowell, waliwachunguza watoto wengi wenye unyafuzi, yaani kwashakoo. Watoto hao walikuwa wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, na maini yao yalikuwa yamejaa mafuta. Walikuwa wakila wanga, lakini protini walipata kidogo mno. Ini linahitaji protini ili kuyafungasha mafuta na kuyasafirisha. Linapokosa "magunia" hayo ya protini, mafuta hubaki ghalani.

Leo ini hilo hilo hujaa kwa sababu nyingine, yaani kwa kupokea mzigo mwingi kuliko linavyoweza kuutoa. Tunaona dalili za mabadiliko hayo nchini kwetu. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989 kuhusu vijiji kadhaa vya Tanzania ulikuta kisukari kwa chini ya mtu mzima 1 katika kila 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliopima watu wa miaka 25 hadi 64 wa mjini na vijijini, ulikuta kisukari kwa watu 9 hivi katika kila 100. Kisukari na ini lenye mafuta hutembea pamoja kama mtu na kivuli chake.

Mjumbe kutoka utumboni

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wataalamu wamelijua zaidi katika miaka ya karibuni. Utumbo wetu hausagi chakula tu. Katika ukuta wake kuna seli maalumu zinazotoa kemikali za kupeleka habari sehemu nyingine za mwili. Moja ya kemikali hizo huitwa serotonini. Mtaalamu wa Italia, Vittorio Erspamer, aliigundua katika ukuta wa utumbo wa wanyama katika miaka ya 1930, na mwaka 1948 wataalamu wa Marekani walioipata katika damu wakaipa jina hilo la serotonini.

Watu wengi waliosikia neno hili wanalijua kama kemikali ya ubongo inayohusika na usingizi na furaha. Hiyo ni kweli, lakini zaidi ya sehemu 90 katika kila 100 za serotonini ya mwili hutengenezwa utumboni. Serotonini ya utumboni haiingii kwenye ubongo. Kazi yake ni nyingine: husaidia utumbo kusukuma chakula, husaidia damu kuganda mtu akikatwa, na hupeleka ujumbe kwenye ini kwa kupitia ule mshipa wa lango.

Ujumbe huo unasema nini? Mwaka 2018 wataalamu wa Korea ya Kusini walitangaza matokeo ya utafiti wao juu ya panya. Panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi walinenepa maini. Lakini panya ambao utumbo wao ulizuiwa kutengeneza serotonini, pamoja na kula chakula hicho hicho, maini yao yalipata mafuta kidogo. Ikawa hivyo pia kwa panya ambao ini lao liliondolewa "sikio" la kupokea ujumbe wa serotonini. Maana yake ni kwamba utumbo uliolemewa na mafuta hulipelekea ini habari kwa serotonini, nalo ini huzidi kutengeneza mafuta na kuyaweka akiba. Miaka 3 kabla ya hapo, yaani mwaka 2015, wataalamu wa Kanada walikuwa wameonyesha pia kwamba panya waliozuiwa kutengeneza serotonini ya nje ya ubongo hawakunenepa sana, na maini yao yalikuwa na nafuu.

Mwaka huo huo wa 2015, wataalamu wa Marekani walionyesha kwamba bakteria wanaoishi utumboni nao huchochea seli za utumbo kutengeneza serotonini. Bakteria hao hula mabaki ya chakula chetu, hasa nyuzinyuzi za mboga, matunda, maharage na nafaka zisizokobolewa sana. Hivyo kile tunachokiweka sahanini hubadili wakazi wa tumbo, na wakazi wa tumbo hubadili ujumbe unaokwenda kwenye ini.

Tukumbuke kwamba majaribio haya ya serotonini na ini yamefanywa hasa kwa panya. Hakuna dawa ya kuzuia serotonini ya utumboni inayotolewa hospitali kwa ajili ya ini lenye mafuta. Lakini upande wa chakula, ushahidi kwa binadamu upo na ni wa kutosha.

Je, ndizi zetu zina makosa?

Hapa msomaji wa Kyela atauliza swali la haki. Ndizi ni chakula chetu tangu mababu, na mbalaga haikosekani nyumbani. Nazo ndizi ni miongoni mwa vyakula vyenye serotonini nyingi. Je, tunajilisha wenyewe ugonjwa?

Swali hili liliwahi kuulizwa kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1948 Dakta J. N. P. Davies wa Kampala alieleza juu ya ugonjwa wa moyo ambao ukuta wa ndani wa moyo hupata makovu. Baadaye baadhi ya wataalamu walishuku serotonini ya matoke. Mwaka 1962 Dakta Michael Crawford, aliyekuwa Makerere, alichapisha matokeo ya kupima mkojo wa Waafrika Mashariki, akitafuta mabaki ya serotonini. Walaji wa ndizi walikuwa nayo mengi.

Lakini mabaki hayo ya kwenye mkojo yalikuwa yakitueleza jambo jema: mwili huivunja serotonini ya ndizi na kuitupa nje. Ukuta wa utumbo na ini lenyewe hufanya kazi hiyo. Tena ugonjwa ule wa moyo ulikutwa kwa wingi katika pwani ya Msumbiji, ambako chakula kikuu ni muhogo. Na huko huko Uganda uliwapata wahamiaji kutoka Rwanda na Burundi kuliko Waganda wenyewe, ambao ndio walaji wakubwa wa matoke. Hivyo shutuma juu ya ndizi haikuthibitika.

Serotonini inayotuhusu hapa ni ile ambayo utumbo unaitengeneza wenyewe kutokana na triptofani, ambayo ni sehemu ya protini. Hata hivyo mtu asiseme, "Basi niache samaki na maharage ili utumbo ukose triptofani." Watoto wa Mulago walitufundisha kwamba ini lisilopata protini nalo hujaa mafuta. Usipa, mbasa, magege, maharage na mayai ni rafiki wa ini. Ndizi ya kuchemsha pamoja na maharage na mboga ni chakula kizuri.

Kilichobadilika mezani

Kama ndizi, wali na samaki tulikula tangu zamani, ni nini kimebadilika? Tutazame mambo manne.

La kwanza ni sukari. Zamani soda ilikuwa kinywaji cha Krismasi, cha Kipaimara na cha arusi. Siku hizi, msimu wa kakao ukiwa mzuri, soda hunywewa kila siku dukani. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari ya gramu 35 hivi, sawa na vijiko vidogo 8 au 9. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilishauri mtu mzima asizidishe gramu 50 za sukari ya kuongeza kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye gramu 25, yaani vijiko 6. Nusu ya sukari ya mezani ni aina iitwayo fruktosi, na kazi ya kuishughulikia huangukia hasa kwenye ini, ambalo hugeuza sehemu yake kuwa mafuta. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021 nchini Uswisi, vijana wa kiume wenye afya walikunywa vinywaji vyenye gramu 80 za sukari kwa siku. Baada ya majuma 7, maini yao yalikuwa yakitengeneza mafuta mara mbili ya wenzao, ingawa hawakuwa wanene. Wahenga walisema, chovya chovya humaliza buyu la asali. Vijiko vitatu katika kila kikombe cha chai, vikombe vinne kwa siku, huo ni mzigo mkubwa ambao hakuna anayeuhesabu.

La pili ni mafuta. Tunashukuru kwa michikichi yetu, na mawese mekundu yana vitamini A kwa ajili ya macho ya watoto. Lakini karibu nusu ya mafuta ya mawese ni ya aina inayoganda. Mwaka 2014 wataalamu wa Uppsala, Sweden, walichapisha utafiti wa vijana 39 wasio wanene waliopewa keki ndogo za ziada kwa majuma 7. Baadhi yao walipewa keki za mafuta ya mawese, wengine za alizeti. Makundi yote mawili yaliongezeka uzito sawa, lakini waliokula za mawese walipata mafuta mengi zaidi kwenye ini. Kijiko cha mawese katika mboga hakina neno. Tatizo ni samaki, ndizi, vitumbua na chipsi vinavyoogelea katika karai la mafuta kila siku, mafuta yenyewe yakitumika mara nyingi hadi kuwa meusi.

La tatu ni ukubwa wa mlo na saa yake. Mchele wa Kyela unanukia vizuri, na mtu hujaza sahani ya pili bila kutambua. Mara nyingi mlo mkubwa kuliko yote ni wa usiku, na baada yake ni kitanda.

La nne ni miguu yetu. Nchi yetu ya bondeni ni tambarare, na Kyela inajulikana kwa baiskeli. Tulikuwa tukienda kwa baiskeli Ipinda, Ngonga hata Matema. Sasa pikipiki inatusubiri mlangoni. Anayelima kwa jembe bado anafanya kazi ya kutosha, lakini mwenye duka, dereva na mtumishi wa ofisini hukaa toka asubuhi hadi jioni, naye anakula sahani ile ile ya mkulima.

Tufanye nini nyumbani?

Habari njema ni kwamba ini ni kiungo chenye uwezo mkubwa wa kujiponya. Mtu mnene akipunguza sehemu 5 katika kila 100 za uzito wake, mafuta ya ini huanza kupungua. Akipunguza sehemu 7 hadi 10, hata uvimbe wa ini hupata nafuu. Kwa mwenye kilo 80, kupunguza kilo 4 ni mwanzo mzuri. Apunguze taratibu, isizidi kilo moja kwa wiki, maana kujinyima chakula ghafla kunaweza kuliumiza ini.

1. Soda na vinywaji vya sukari virudi kuwa vya sikukuu. Siku nyingine tunywe maji safi. Chungwa liliwe zima badala ya kukamuliwa na kutiwa sukari.

2. Punguza sukari ya chai kijiko kimoja kila mwezi. Ulimi huzoea. Kahawa isiyo na sukari, kwa wanaoweza kuinywa, inaonekana kuwa msaada kwa ini.

3. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe toka kwenye dumu. Usipa uchemshwe au uungwe kwa nyanya na kitunguu. Samaki wa kubanika au wa mchuzi ni bora kuliko wa kukaanga.

4. Nusu ya sahani iwe mboga: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga. Robo iwe wali, ndizi, ugali au magimbi. Robo nyingine iwe samaki, maharage au kunde.

5. Chakula cha jioni kiliwe mapema, kiwe kidogo kuliko cha mchana.

6. Tembea kwa haraka au endesha baiskeli nusu saa, angalau siku 5 za juma. Kwenda kwa miguu kwenye Misa na kwenye jumuiya kunahesabika.

7. Aliyeambiwa ana mafuta kwenye ini aache pombe, iwe bia, iwe kimpumu, iwe ya ndizi. Mizigo miwili kwa punda mmoja ni ukatili.

Mambo haya yasiachiwe mgonjwa peke yake. Mama akipika chungu kimoja cha baba na kingine cha watoto, baada ya mwezi mmoja atachoka. Chungu kiwe kimoja, chenye afya, kwa wote. Ila watoto wadogo, wajawazito na wanaonyonyesha wasipunguziwe chakula, wapunguziwe soda na sukari tu.

Tahadhari

Mwenye tumbo kubwa, kisukari, shinikizo la damu, au ndugu wa karibu mwenye matatizo hayo, akapime sukari na kumwuliza mganga kuhusu ini. Apime pia homa ya ini ya aina B, maana nayo huharibu ini bila kelele. Macho yakiwa ya manjano, tumbo likijaa maji, mtu akitapika damu au kupata choo cheusi kama lami, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Wapo wanaouza dawa za "kusafisha ini" minadani na stendi. Baadhi ya majani na mizizi huliumiza ini zaidi, kwa hiyo usinywe kitu ambacho mganga wako hakijui. Vilevile, anayetumia vidonge vya sonona vinavyohusu serotonini asiviache kwa sababu ya kusoma makala hii. Azungumze kwanza na daktari aliyempa.

Mwenye kisukari anayetumia dawa asifunge chakula wala kubadili mlo kwa ghafla bila ushauri, hata wakati wa Kwaresima.

Kwa kumalizia

Mtume Paulo aliwakumbusha Wakorintho kwamba mwili tulionao tumekabidhiwa tu. Kuutunza ni sehemu ya imani yetu, na ni upendo kwa wale wanaotutegemea. Familia inaweza kuanza na jambo dogo: kwa siku 40 za Kwaresima, fedha ya soda ya kila siku iwekwe katika kikopo na kutolewa sadaka kwa mgonjwa wa jumuiya. Baada ya Pasaka wengi watakuta hawaitamani tena.

Na yule katekista wetu? Mkewe aende naye hospitali siku ya kurudi, asikie kwa masikio yake daktari anavyoeleza. Kisha warudi nyumbani wakapange upya kilicho jikoni. Nasi jumuiya tuache kunong'ona, maana huenda nusu ya tunaonong'ona tuna ini kama lake, ila hatujapimwa.